DD 214 yangu haikuitaja Djibouti: uzoefu wangu wa kuirekebisha

Haya nawaandikia wenzangu mlioingia jeshi la Marekani mkitokea kwetu, hasa mliopitia MAVNI. Nimetumia huduma mbili kurekebisha kumbukumbu zangu za utumishi, hasa DD 214, ile hati unayopewa ukitoka jeshini inayoeleza ulivyotumikia. Ya kwanza ni msaada wa bure wa afisa wa maveterani wa kaunti ninakoishi, na huyo nampa nyota tano bila kusita. Ya pili ni utaratibu wenyewe wa jeshi wa kusahihisha makosa. Huo naupa tatu, kwa kuwa unafanya kazi lakini unamchosha hata mwenye haki yake mkononi.

Kwa asiyeijua MAVNI, ni mpango wa kuandikisha wageni jeshini ulioanza 2009 na ukafungwa kwa waombaji wapya 2016. Uliwachukua watu waliokuwa Marekani kihalali bila ukaazi wa kudumu, mradi wawe na ujuzi wa tiba au lugha ambayo jeshi liliihitaji, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Wengi wetu tuliapishwa uraia tukiwa bado mafunzoni.

Kosa langu lilivyotokea inafaa nilieleze, maana naamini linawapata wengi wanaotumwa peke yao bila kikosi chao. Kikosi changu kilibaki Marekani. Mimi niliazimwa na kikosi cha pamoja kilichoko Camp Lemonnier, Djibouti, kwa sababu ya lugha. Niliporudi, makaratasi ya safari yalibaki kwa wale walioniazima na hakuna aliyeyaingiza kwenye mfumo wa kikosi changu. Ulipofika wakati wa kutoka jeshini, karani alichapa alichokiona kwenye kompyuta yake. Kisanduku 12f, kinachohesabu utumishi wa nje ya nchi, kikajaa sufuri. Kisanduku 18, ambako huandikwa nchi uliyotumwa na tarehe zake, hakikuwa na Djibouti. Tena jina langu la ukoo, lenye «ng» mbili, likapoteza «g» moja. Niliyasema yote kabla ya kutia saini, nikaambiwa yatashughulikiwa baadaye. Hayakushughulikiwa.

Mtu anaweza kuuliza, kuna ubaya gani? Ubaya upo, na ni mkubwa. Sheria ya PACT iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022 inawahusu waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine kambini. Djibouti imo katika orodha ya nchi zinazohesabiwa, kwa waliotumikia huko tangu tarehe 11 Septemba 2001. Ukiwa umetumikia pale na ukapatwa na moja ya magonjwa yaliyotajwa, kama pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi au mafua sugu, VA, yaani wizara ya maveterani, haidai uthibitishe kwamba jeshi ndilo lililokuletea ugonjwa. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ulikuwa pale. Mimi nina pumu ambayo sikuwa nayo nilipoapa, na karatasi yangu kuu ya utumishi ilisema sijawahi kutoka Marekani.

Afisa wa kaunti ni mama mmoja, sajini mstaafu. Kabla hata ya kugusa DD 214, alinijazisha fomu 21-0966, ambayo ni ya kuijulisha VA kwamba unakusudia kudai. Fomu hiyo inakushikia tarehe kwa mwaka mmoja. Ukileta dai kamili ndani ya mwaka huo na likakubaliwa, malipo yanaweza kuhesabiwa kuanzia tarehe ile. Kama hakuna lingine utakalolichukua hapa, lichukue hili, kwa sababu marekebisho ya kumbukumbu huchukua muda na wakati huo pesa zako zinapotea. Alinieleza pia kwamba VA inaweza kupokea ushahidi mwingine wa kutumwa nje hata DD 214 ikiwa imekaa kimya, hivyo hakuna haja ya kukaa ukingoja kimoja ndipo uanze kingine.

Kisha akaniuliza nina nini mkononi. Nilimpa maelezo marefu: nani alikuwa kamanda, tulilala wapi, joto lilikuwaje. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akanifahamisha kwamba maelezo ya leo ni mepesi mbele ya karatasi iliyoandikwa wakati ule na mtu asiyekuwa na sababu ya kukupendelea. Neno hilo ndilo lililobeba kesi yangu yote.

Karatasi ya kwanza ya namna hiyo ni hati ya mshahara, ile tunayoiita LES. Miezi yangu ya Djibouti ilionyesha posho ya eneo la hatari, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 225 kwa mwezi na huhesabiwa kwa siku ulizokuwepo. Posho hiyo hailipwi kwa hisani. Hulipwa aliyemo katika eneo lililotajwa na Wizara ya Ulinzi, basi. Serikali iliyonilipa kwa kuwa Djibouti haiwezi kirahisi kusema sikuwa Djibouti. Ya pili ni fomu DD 2796, yale maswali ya afya unayojaza ukirudi kutoka ulikotumwa. Inauliza ulikuwa nchi gani na tarehe gani, nayo inakaa kwenye faili la matibabu, mbali na makarani wa kikosi. Wengi hawaikumbuki kwa sababu waliijaza wakiwa na usingizi na hamu ya kwenda nyumbani. Yangu ilikuwepo, na tarehe zake zililingana na LES. Tukaongeza hati ya amri ya safari na fomu 1351-2 za madai ya nauli. Barua mbili za wenzangu niliokuwa nao kule tuliziweka mwisho, zikiwa nyongeza tu.

Kwa upande wa jina, ushahidi ulikuwa mkataba wa kuandikishwa, DD 4, pamoja na cheti cha uraia, vyote vikiwa na herufi zote. Hapa kuna jambo ambalo kina dada waliobadili jina baada ya kuolewa wanapaswa kulijua. DD 214 inatakiwa ionyeshe jina ulilotumikia nalo. Kama jina lilibadilika baada ya kutoka, kwa kawaida halibadilishwi kwenye fomu. Ambatanisha cheti cha ndoa kila unapoitumia. Langu lilirekebishika kwa sababu mkataba wenyewe ulionyesha kwamba lilikosewa.

DD 214 ikishatolewa, kwa kawaida haifutwi. Na usithubutu kuiandika kwa kalamu, hata kurudisha herufi moja, maana unaiharibu. Marekebisho hutolewa kwenye karatasi ya pili, DD 215, inayokaa pamoja nayo. Kosa la wazi la ukarani hupelekwa kwanza kwenye kamandi ya rasilimali watu ya tawi lako. Kwa jeshi la nchi kavu iko Fort Knox, Kentucky. Bodi ya kusahihisha kumbukumbu ndiyo njia ya mwisho, na huombwa kwa fomu DD 149. Ukiikimbilia bodi kabla ya kupita kule chini, unaweza kurudishwa ulikotoka na muda umeshapotea. Bodi inaundwa na raia, si maafisa wenye vyeo, na inaanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu zilizopo ni sahihi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Maombi yanatakiwa ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo, kwa hiyo aliyepitwa asikate tamaa. Kinachobishaniwa kikiwa ni aina ya kuachishwa kwenyewe, kuna fomu nyingine, DD 293, yenye muda wa miaka 15. Hiyo sikuihitaji, nawaachia walioipitia.

Nikiwa nangoja zamu katika ofisi ile ya kaunti, nilikaa na mama mzee mjane ambaye mumewe alikuwa jeshini miaka ya 1950. Alikuja kutafuta karatasi ya marehemu, na aliyoyapata yalinifanya nione taabu yangu ni ndogo. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, ukaunguza faili kati ya milioni 16 na 18. Asilimia 80 hivi ya faili za jeshi la nchi kavu za walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 ziliteketea. Hazikuwa na nakala, na hakukuwa na orodha kamili ya kilichokuwemo. Kwa watu hao kituo kile hujenga upya ushahidi kutoka mahali pengine: vocha za mishahara, taarifa za kila asubuhi za vikosi, rekodi za majimbo na za VA. Anayeomba hujaza fomu NA 13055, akieleza vikosi, kambi na miaka kadiri anavyokumbuka. Mama yule alikuwa na picha moja na bahasha ya barua yenye namba ya kikosi. Afisa wetu aliishika ile bahasha kwa mikono miwili na akaanza kazi kutokea hapo. Ndiyo maana nimempa nyota tano. Hakuchukua hata senti kwangu wala kwa mjane yule.

Nasema habari ya senti kwa makusudi. Kampuni moja ilinipigia simu ikitaka sehemu ya fidia yangu ili «inyooshe» DD 214 na kuandaa dai. Ndugu zangu, sheria hairuhusu mtu kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza la fidia la VA. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa baada ya VA kutoa uamuzi, na pia unaweza kumlipa wakili akutetee mbele ya bodi kama kesi ni ngumu. Lakini fomu DD 149 haina ada, na veterani anayeomba nakala ya faili lake la kawaida kupitia mtandao wa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, au kwa fomu SF 180, haulizwi malipo. Tunatoka kwenye jamii inayomheshimu anayeongea kwa ufasaha na kuvaa vizuri, na kampuni hizi zinajua hivyo.

DD 215 yangu ilifika baada ya kungoja kirefu, na baada ya simu nyingi ambazo kila anayepokea alitaka nianze hadithi upya. Kwa usumbufu huo nimepunguza nyota moja. Nyingine nimeipunguza kwa sababu barua zao zimeandikwa kana kwamba kila askari ni mwanasheria. Djibouti sasa imo, na tarehe zake, na jina limerudi. Nilipoisoma nilimpigia baba yangu kule nyumbani, nikamsomea herufi moja moja za jina alilonipa.

Medali moja bado haijaingia. Nina cheti kilichotiwa saini, lakini walitaka namba ya amri iliyoitoa tuzo, na hiyo haikuwepo kwenye faili. Jibu hilo nalikubali, ndiyo kanuni yao. Safari hii ndipo nimekwenda kwenye bodi, na tumeambatanisha cheti, tathmini yangu ya kazi ya kipindi kile inayoitaja tuzo, na barua ya aliyenipendekeza. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10 na yote ndani ya 18, kwa hiyo nangoja nikijua mpaka wa kungoja.

Ukipata DD 215 usikimbilie kuisajili pamoja na DD 214 kwenye ofisi ya kumbukumbu za kaunti kabla ya kuuliza kama nyaraka hizo huko ni wazi kwa umma, kwa sababu zinaweza kuwa na namba yako ya hifadhi ya jamii. Na ninyi mlio bado kwenye sare, pakueni LES zenu zote na nakala ya DD 2796 wakati kadi yenu ya kijeshi bado inafungua mfumo.