Kozi ya kiingereza ya WhatsApp ya sh 15,000: somo la 's na can, must, should lina thamani ya hela yote

Nimemaliza ile kozi ya kiingereza ya WhatsApp, unalipa sh 15,000 kwa simu halafu unaingizwa kwenye grupu, na kwa kuwa kazini kila mtu ananiuliza kama ina faida nimeona niandike hapa wote wasome. Jina la ticha siweki, kuna vitu ntavikosoa na yeye ni mtu mmoja tu anatafuta riziki yake.

Faida ipo tena kubwa, na kwangu mimi imetoka kwenye somo moja, jinsi ile 's ya umiliki inavyokaa na vitenzi visaidizi, yaani can, could, may, might, must, shall, should, will na would. Shuleni hivi vitu vinafundishwa mbali mbali, leo "Juma's book" mnafunga daftari, "I can swim" mnakuja kuikuta huko mbele topiki nyingine kabisa, mtu anamaliza fomu foo anavijua vyote viwili ila mpeleke mapokezi ya hoteli umwambie aandike kwamba begi la mgeni lazima liwe chini saa 12 asubuhi uone kazi. Na sentensi za kazini nyingi ndo ziko hivyo hivyo, kitu cha mtu fulani kinatakiwa, kinaweza, huenda, lazima. "The guest's bag must be downstairs by 6." Ticha kaanza na sentensi za aina hiyo tangu siku ya kwanza, hana habari za Juma's book.

Alivyoelezea mpangilio ndo aliponimaliza. Sisi tunaanza na kitu chenyewe, gari la jirani wa mama linaweza kutupeleka, gari limekaa mbele na hata uweke maneno kumi katikati ile li- ya "linaweza" inakurudisha kwenye gari, hupotei. Kiingereza kinaanza na mwenye mali na kitu kinakuja mwisho, "my mother's neighbour's car can take us", halafu hiyo can haikusaidii chochote maana ni can ile ile kwa gari, kwa jirani, kwa mama, kwa magari mia. Kwa hiyo ticha anasema ukikuta msururu wa 's simama kwenye can au must kisha rudi nyuma neno moja, hilo ndo lenye sentensi. "My sister's husband's phone might be off", kilichozimika ni simu, dada na shemeji hawahusiki. Tukafanya mazoezi ya hivyo mpaka jicho likazoea, na sa hivi nikisoma imeili ya wakala wa safari nakwenda moja kwa moja kwenye kile kinachotakiwa.

Hapo hapo lakini kuna pengo hakuliziba. Hiyo neno moja nyuma inafanya kazi kama hakuna kitu kimeingia katikati, maana ukiandika "the manager's brother from Moshi will call you", ukirudi nyuma neno moja unaikuta Moshi, na Moshi haipigi simu. Mtu mmoja kwenye grupu aliuliza hilo swali likapita tu. Dakika mbili zingetosha, angesema uruke kile kipande cha from Moshi ndo uhesabu.

Kitu cha pili alichofundisha vizuri sana ni kutofautisha hizi 's zenyewe, kwa sababu ziko za aina tatu zinafanana kwa macho. "My brother's car" ni umiliki, "my brother's coming" ni is imefupishwa, "my brother's gone" ni has imefupishwa. Sasa ukikuta 's halafu mara moja inafuata can au must au will, haiwezi kuwa is wala has, kiingereza hakina "is can" wala "has must" hata siku moja. Zinabaki njia chache. Inawezekana kitu kimeachwa kwa sababu kimeshatajwa, "my phone can't open the file but Asha's can", yaani simu ya Asha. Inawezekana ni jina la biashara au kanisa ambalo lenyewe lina 's, "McDonald's will open at seven", "St. Peter's will be full at Easter", hayo yako sawa kabisa. Na kama sio hivyo basi ujue mtu kakosea wingi, na hapa ndo kwenye vibao vyetu vya mtaani, "Customer's must pay first". Hao ni wateja, customers, hakuna wanachomiliki hapo, kile kialama kimewekwa tu kwa vile neno linaishia na s. Sisi kwenye ng'ombe na ng'ambo kinatuonyesha sauti kwa hiyo tunakiona kama sehemu ya matamshi, kwao kinabeba maana, ukikiweka pasipo mahali pake umeandika kitu kingine.

Sasa lawama zangu kubwa. Kozi karibu yote ni voisi, ndefu, nyingine dakika kumi na kitu, bando linakatika na bado hujafika kwenye mfano, hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni kufundisha guest's na guests' kwa sauti. Ukiyatamka ni kitu kimoja, sikio halisikii tofauti hata kidogo, tofauti ipo kwenye maandishi tu, "the guest's bags must be outside" ni mabegi ya mgeni mmoja, "the guests' bags must be outside" ni ya wageni wote, na ukikosea hapo mpagazi anabeba mzigo wa mtu mmoja wengine wanaachwa. Hili somo lilitakiwa liandikwe ubaoni lipigwe picha. Tukaletewa PDF moja yenye kivuli cha mkono, nusu ya mistari haisomeki, na children's na women's, ambazo wingi wake hauna s kwa hiyo 's inarudi mwishoni kama kawaida, zimepewa mstari mmoja.

Kwenye maana ya must kajitahidi. Wengi tunaijua ya kuamrisha tu, yeye kaonyesha na ile ya kukisia kwa uhakika, "the driver's phone must be off", hakuna anayeamriwa azime, ni sawa na sisi tunavyosema lazima atakuwa amezima huyo. Na kama ni jana, "the driver's phone must have died". Might kaiweka chini ya hapo, huenda, huna uhakika. Safi.

Ila kukanusha kapitia juu juu na hapo ndo penye hatari kazini. Sisi "si lazima" maana yake ukipenda, sasa mtu anachukua lazima anaipa must, si lazima anaipa mustn't, anamwandikia mgeni "your driver's lunch mustn't be paid for" akidhani kasema sio lazima kumlipia dereva chakula, kumbe kasema ni marufuku. Cha kuandika hapo ni "you don't have to pay for your driver's lunch". Hiyo ilistahili siku nzima, aisee, na kwenye grupu kulikuwa na watu wanaongea na wageni kila siku ya Mungu.

Kwa aliyeko mapokezi, ofisi za safari, au anayejibu imeili za wateja wa nje, lipa, hiyo 15,000 inarudi. Anayeanza kabisa asubiri kwanza, spidi ya ticha ni kali. Na mkiingia mwombeni mapema somo la guests' alitume kwa maandishi, akiombwa na watu wengi huwa anatuma.