Jarida moja au kadhaa kwa mpigo?

Ukituma kazi yako, shairi au insha, kwa jarida moja la fasihi na kusubiri, mhariri akiipenda hana wasiwasi kwamba imeshachukuliwa kwingine. Tatizo ni muda. Majarida mengi hujibu baada ya miezi 3 hadi 6, mengine hukawia zaidi; insha ikikataliwa mara mbili tu, mwaka unaweza kuwa umekwisha.

Ukituma kwa majarida kadhaa kwa wakati mmoja unaokoa muda huo, mradi masharti ya kila jarida yanaruhusu. Yapo yanayokataza kabisa, kwa hiyo yasome kwanza. Na jarida moja likikubali, waarifu wengine siku hiyo hiyo. Kumwacha mhariri asome kazi isiyopatikana tena ni kumkosea heshima.

Hapa ndipo mashairi na insha vinapoachana. Mashairi kwa kawaida hutumwa 3 hadi 5 pamoja, hivyo unaliondoa lililokubaliwa na mengine yanabaki mezani. Insha ni moja; ukiiondoa, hujabakiza kitu.

Mimi mashairi huyasambaza. Insha niliyoiandika nikiwafikiria wasomaji wa jarida fulani naipeleka huko peke yake, nikasubiri.