Stiki ya gemu za kupigana: nilichokipata baada ya miezi mitano

Street Fighter 6 nimeicheza kwa pedi, kile kidhibiti cha kawaida cha kushika mikononi, tangu ilipotoka Juni 2023. Kilichonishinda ni kidole gumba cha kushoto: nikicheza muda wa saa mbili na mhusika wangu Ryu, ngozi inawaka na Shoryuken, ngumi yake ya kupaa juu, inagoma kutoka. Ndipo nikatafuta stiki kama za mashine za sarafu, kijiti kushoto, batani nane kulia.

Ya kwanza niliazima kwa jamaa. Nyepesi mno! Ukiipakata inateleza, na ndani waya zimechomwa solda kwenye batani, hivyo kitu kikifa unamtafuta fundi. Nikairudisha.

Niliyonunua ni ya mtumba, nzito, haisogei mapajani. Nikaitoa kijiti chake nikaweka kijiti cha kampuni ya Sanwa, modeli JLF, na batani za milimita 30 za Sanwa, OBSF-30. Sikuhitaji solda: kijiti kina plagi moja ya pini tano, batani unazisukuma kwenye matundu yake hadi zinase. Bisibisi moja na jioni moja vilitosha. Kwangu hili lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Kabla ya kulipa, uliza ndani kukoje.

Wiki mbili za mwanzo nilipigwa na watu niliokuwa nawapiga. JLF huja na fremu ya mraba inayozuia kijiti kisipite ukingo, na kona zake ndizo mielekeo ya mshazari. Nilikuwa nakisukuma kijiti hadi ukingoni kwa nguvu, kikawa kinachelewa kurudi katikati. Swichi ndogo iliyo chini ya kijiti inashika kabla hujafika ukingoni. Ukisikia mlio, imetosha. Nilipolegeza mkono, ile mbele, chini, chini-mbele ya Shoryuken ikaanza kutoka hata upande wa kulia wa skrini, ulionitesa miaka yote.

Nilijaribu pia ile isiyo na kijiti, batani tupu, kuruka unabonyeza kwa gumba. Kwa Guile, mhusika ambaye unashikilia nyuma kisha unakwenda mbele, kubadili huko ni papo hapo, na nawaelewa wanaoipenda. Mimi mkono wangu unataka kitu cha kushika.

Wenye PS5 muwe makini. Street Fighter 6 inapokea stiki za PS4, ila gemu nyingi za PS5 hazipokei. Kwenye kompyuta sijapata shida.

Swichi zinalia sana. Mtoto analala chumba cha pili, kwa hiyo baada ya saa nne usiku narudi kwenye pedi.