Jua na Spica: mitikisiko miwili

Hapa Goma, Ziwa Kivu halionyeshi kupwa na kujaa kwa kuonekana. Ni dogo mno kwa mvuto wa Mwezi. Kwenye nyota mvuto hufanya makubwa. Spica, inayong'aa juu yetu jioni za Mei, ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 4 hivi, zimekaribiana hadi zimevutana zikawa na umbo la yai.

Jua halihitaji mwenzi ili litikisike. Gesi inayochemka ndani yake huzaa mawimbi ya sauti, na uso hupanda na kushuka kila dakika 5 hivi. Mimi napendelea Jua: mawimbi hayo yametuonyesha kwamba tabaka linalochemka hushuka karibu 30% ya njia kuelekea kitovu.