Meza ya kazi na hifadhi ya vifaa kwa gereji ya nyumbani: ipi ishike nafasi ya kwanza?

Kosa linalowagharimu wengi wanaoandaa gereji ya nyumbani ni kununua meza na droo zikiwa kitu kimoja. Meza hugongwa, husukumwa na kuvutwa. Droo hubeba chuma kizito na zinatakiwa ziteleze bila kukwama. Mtengenezaji anayeviunganisha kwa bei nafuu hubana pale ambapo jicho halifiki, yaani kwenye unene wa bati na kwenye reli za droo. Ndiyo maana hapa tumevitenganisha: meza kwanza, hifadhi baadaye.

Pima kabla ya kuchagua

Egesha gari mahali pake pa kawaida, fungua mlango wa upande wa meza kama unavyoufungua ukishuka, kisha pima nafasi inayobaki hadi ukutani. Meza ya upana wa sm 60 inatosha kazi nyingi. Ya sm 75 ina raha yake, lakini vifaa vilivyotundikwa ukutani nyuma yake hutavifikia bila kuilalia. Mbele yake acha sm 90 za kusimama na kugeuka. Urefu wa sm 150 hadi 180 ndio unaofaa.

Kimo kipime kwa mwili wako. Vaa viatu vya kazi, simama wima, acha mikono ining'inie, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono. Kwa watu wengi ni kati ya sm 85 na 95. Anayepiga randa na msumeno wa mkono ashushe kidogo ili uzito wa mwili umsaidie. Anayeunga nyaya au kusafisha kabureta apandishe kama sm 10, la sivyo mgongo utamuuma kabla ya saa kuisha.

Angalia pia sakafu. Sakafu nyingi za gereji huteremka kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Mteremko wa asilimia 1 tu unaleta tofauti ya mm 18 kati ya ncha mbili za meza ya sm 180 iliyowekwa kufuata mteremko huo. Kwa hiyo miguu yenye bolti za kurekebishia kimo, zenye unene wa mm 10 au zaidi na nati ya kufungia, si anasa.

Meza, kuanzia bora

Nafasi ya kwanza tunaipa meza ya fremu ya chuma yenye uso wa mbao nene. Tafuta mabomba ya mraba ya mm 40 au 50 yenye ukuta wa mm 2, na uso wa mbao ngumu iliyoungwa kwa gundi, unene mm 38 hadi 45. Plaiwudi mbili za mm 18 zilizogandishwa pamoja nazo zinafaa kabisa.

Ukiwa dukani, jaribio ni moja. Shika kona ya mbele usukume meza kwa urefu wake, kushoto na kulia. Wanunuzi wengi husukuma kuelekea ukutani, na huko karibu kila meza inaonekana imara. Kuyumba kwa kushoto na kulia ndiko kunakoiua meza: kila ukisukuma msumeno sehemu ya nguvu yako inapotelea kwenye miguu, na kila mtikisiko unapanua matundu ya bolti hadi yanakuwa ya yai. Ikifikia hapo, kukaza nati hakusaidii tena. Kinachozuia ni bamba la nyuma linaloshika miguu yote miwili ya nyuma, au chuma cha mshazari. Kuifunga meza ukutani kwa bolti mbili huongeza uthabiti kuliko kuipakia mizigo rafu ya chini.

Usidanganywe na kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Namba ile ni ya mzigo uliotandazwa sawasawa juu ya meza isiyosogezwa. Nyundo inayopiga sehemu moja ni habari nyingine, na meza ya magurudumu hubeba pungufu inapotembezwa.

Chungulia pia chini ya uso. Mbao ngumu hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu unavyobadilika. Matundu ya fremu yanayopokea skrubu yanapaswa kuwa marefu, si ya duara, ili mbao ipate pa kusogea. Ikibanwa kila upande itapasuka au itapinda. Uso wa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) mtupu uepuke: maji yakiingia ukingoni unavimba na haurudi. Uso wa bati hufutika oili upesi, ila patasi ikiangukia hapo makali yamekwisha. Afadhali uso wa mbao na sinia ya bati ya kutandika siku ya kufungua injini.

Nafasi ya pili ni meza ya mbao uliyoijenga mwenyewe au uliyomwagiza seremala. Kwa uthabiti peke yake ingeweza kuwa ya kwanza. Imeshuka kwa sababu ubora wake unategemea mbao zilivyokauka na mkono wa aliyeijenga. Kwa meza ya urefu wa sm 180, upana sm 60 na kimo cha sm 90, nunua mita 18 za mbao za inchi mbili kwa nne na plaiwudi moja ya mm 18 yenye sm 244 kwa 122. Plaiwudi hiyo hutoa vipande viwili vya sm 180 kwa 60, ambavyo ukivigandisha unapata uso wa mm 36, na kinachobaki kinafaa kwa rafu.

Siri iko miguuni. Kila mguu uwe mbao mbili zilizogandishwa: moja ndefu, na nyingine iliyokatwa ikiacha nafasi ya mbao za kulala kuketi. Hapo uzito unatua juu ya mbao, si juu ya skrubu. Mbao nne ndefu za kulala zifunge kwa bolti mbili kila ncha, jumla 16, za mm 10 zenye urefu wa kupenya unene wote, na washa pana (vibati vya duara vya kukalia nati) pande zote mbili. Mbao fupi za pembeni zinatosheka na gundi na skrubu za mm 80. Usipake gundi kwenye viungo vya bolti, kwa maana mbao itasinyaa na utahitaji kuzikaza tena baada ya wiki chache. Chini ya kila mguu weka kipande cha mpira au plastiki ngumu, maana mbao hunywa unyevu wa saruji kwa ncha yake iliyokatwa. Juu tandika hadibodi iliyoshikwa kwa skrubu chache, uibadilishe ikichakaa.

Ya tatu ni meza ya kukunjwa ukutani, chaguo sahihi kwa gereji ambayo gari lazima lilale ndani. Inafaa kuunganisha na kutengeneza vitu vidogo, haifai kwa jiliwa (kifaa cha kubania kazi mezani). Ya nne ni meza ndogo ya kukunja na kubeba: nzuri ikiwa ya ziada, ila nyepesi mno kuwa meza ya pekee.

Ya mwisho ni ile yenye droo tele chini ya uso wa bati jembamba. Inavutia dukani, lakini kila ukitaka spana unarudi nyuma kuacha kazi, na ukingo hauna mahali pa kushikia klampu, ambayo huhitaji sm 8 hadi 10 za uso uliojitokeza.

Jiliwa la midomo ya mm 100 hadi 125 linatosha nyumbani. Lifunge juu ya mguu, kamwe si katikati ya meza, kwa bolti zinazopenya uso wote. Mdomo usiosogea utokeze kidogo nje ya ukingo ili bomba refu liweze kusimama wima hadi sakafuni.

Hifadhi

Kwa vifaa vya chuma, kabati la droo ndilo la kwanza, na kinacholipima ni reli. Vuta droo hadi mwisho, kisha bonyeza ukingo wake wa mbele. Ikizama au ikilia, iache. Reli za beringi zinazotoa droo nzima nje, zenye uwezo wa takriban kilo 45 kwa jozi, ndizo za kununua. Reli za bati juu ya bati hukwama seti ya soketi ikiingia. Droo fupi za kimo cha sm 5 hadi 8 ziwe nyingi kuliko ndefu, kwa sababu katika droo ndefu vifaa hulaliana na unachokitaka huwa chini.

Unene wa bati ukitajwa kwa geji, kumbuka namba kubwa ni bati jembamba: geji 18 ni kama mm 1.2, geji 22 kama mm 0.8. Hakikisha kuna kizuizi kinachoruhusu droo moja tu kufunguka. Bila hicho, droo tatu zilizojaa zikifunguka pamoja, kabati linamwangukia aliye mbele yake. Kwa magurudumu, gawa uzito wote kwa tatu, si kwa nne, upate mzigo ambao kila gurudumu liweze kuubeba, maana kwenye sakafu isiyo sawa gurudumu moja mara nyingi huelea.

La pili ni ukuta, kwa vile unavyovishika kila siku. Mbao za plaiwudi zilizochanwa kwa nyuzi 45, moja ukutani na mwenzake nyuma ya kila kishikizi, hubeba zaidi kuliko ubao wa matundu, na vishikizi huhamishika. Ukuta wa tofali unahitaji fisha (plagi za plastiki za kushikia skrubu) za mm 8 na skrubu ndefu. Ubao wa matundu ukiupenda, chukua wa mm 6. Wa mm 3 hupanuka matundu na kulabu hutoka na kifaa. Acha mm 15 hadi 20 nyuma yake, la sivyo kulabu haziingii.

Rafu ni ya tatu. Ya chini kabisa iwe sm 10 juu ya sakafu kwa sababu ya unyevu. Rangi na kemikali zikae kwenye kabati la kufungwa, petroli mbali na hita ya maji yenye moto wa gesi. Sanduku la kubeba linakuja mwisho, kwa kazi za nje ya gereji tu.

Mzigo ukifika, kabla ya kutia sahihi pima uso wa meza kutoka kona hadi kona ya mkabala, kwa milalo yote miwili, na kabati vivyo hivyo kwa mbele. Vipimo viwili vya kitu kimoja vikitofautiana kwa zaidi ya mm 3, kimepindika njiani au kiwandani, na kikiwa kabati, droo zake zitakwama.