Tathmini ya Huduma ya Kutazama Mubashara Tenisi ya Wanawake ya Ngazi za Chini

Kwa miezi mitatu nimetumia huduma moja ya intaneti inayorusha mubashara mechi za wanawake za ITF World Tennis Tour, msururu wa mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, hususan za W15, ngazi ya chini kabisa, ambako katika kila shindano dola 15,000 za Marekani hugawanywa kati ya wachezaji wa mmoja mmoja na wa wawili wawili.

Kamera ni moja tu, imefungwa nyuma ya uwanja, wala hakuna mtangazaji. Hata hivyo, ukimya huo ndio unaokuwezesha kumsikia mchezaji akihema na kumwona, baada ya kupoteza pointi ndefu, akitembea mwenyewe hadi kwenye uzio kuokota mpira, kwa kuwa mara nyingi waokota mipira hawapo. Kwa sisi tunaomfuatilia binti anayehangaikia pointi zake za kwanza katika orodha ya ubora ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa, hilo lina thamani kubwa.

Kilichoniumiza ni picha kukatika katika seti ya tatu ya nusu fainali, na malalamiko yangu hayajajibiwa hadi leo. Marudio nayo huondolewa mapema mno, ilhali mchezaji anayesafiri bila kocha angeyahitaji ili ajikosoe. Pamoja na hayo, nitaendelea kuilipia.