Kompyuta ya nyumbani kwa laki tano: uzoefu wangu na OptiPlex 7010 ya mtumba

Ni mwaka na zaidi sasa nyumbani kwangu Mbagala tunatumia kompyuta ya mezani ya Dell OptiPlex 7010, lile kasha dogo linaloweza kulala chini ya monita. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mitihani ya darasa langu naichapa humo, matokeo nayajumlisha humo, na binti yangu wa kidato cha pili anasomea humo jioni. Haijaniangusha hata wiki moja ya mitihani. Yote pamoja, mpaka UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), ilinigharimu shilingi 490,000. Naandika haya kwa mwenye laki tano mkononi ambaye ameshaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba kwa hela hiyo hapati kitu cha maana.

Mwanzo nilitaka kuunganisha mpya, kifaa kimoja kimoja. Nilizunguka Kariakoo Jumamosi nzima na karatasi ya bei mkononi. Mazabodi (bodi kuu ya ndani) na prosesa (ubongo wa kompyuta) peke yake zilimeza hela yangu yote, kabla sijauliza kasha wala skrini. Laptop za mtumba za bei hiyo zipo nyingi, ila kila niliyoshika betri ilikuwa imekufa au bawaba zimelegea, na laptop ikishaanza kuharibika kila kipande chake ni ghali. Hapo ndipo nilipogeukia makasha yaliyotoka maofisini.

Mashine hizi zilitoka mwaka 2012. Kampuni kubwa za nje huzinunua kwa mamia, na muda wake ukifika zinaondolewa zote kwa mkupuo, nzima na mbovu pamoja. Yangu ina prosesa ya Intel Core i5-3470 yenye viini vinne na kasi ya GHz 3.2. Ilikuja na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya kuhifadhia ya GB 500, nikailipia 190,000. Kwa kuchapa, kupiga hesabu za matokeo, intaneti na video, prosesa hiyo bado ina nguvu. Kinachochoka kwenye mashine za umri huu ni diski.

Na diski ndiyo iliyoniliza. Dukani iliwaka vizuri, nikaona picha, nikalipa. Nyumbani ilichukua zaidi ya dakika mbili mpaka nipate pa kubofya, na ndani ikasikika kama kucha inayogonga bati, tik, tik, kisha kimya. Nilipoipima kwa programu ya kukagua diski, ikaonyesha tayari kuna sehemu zilizokufa. Kesho yake nikarudi. Muuzaji akanijibu, "Mama yangu, waranti yetu ni ya kuwaka tu, na si imewaka?" Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikuwa nayo kwa sababu sikuidai. Hapo nilikosea, na nawaomba wenzangu msikosee: daini risiti, na kwenye risiti iandikwe RAM ni ngapi, diski ni ya ukubwa gani, na siku za waranti ni ngapi.

Lakini hata diski ingekuwa nzima, sasa nakwambia usiitegemee. Nilinunua SSD mpya (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya GB 240 kwa 65,000, na hiyo ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Mashine ileile, prosesa ileile, lakini sasa nikibonyeza kitufe nahesabu sekunde ishirini na kitu na niko tayari kuandika. Ukilazimika kuchagua kati ya kasha lenye prosesa kali zaidi na SSD, chukua SSD.

Kuifungua ni rahisi kuliko nilivyoogopa. Chomoa waya wa umeme kwanza, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kuna komeo juu ya kasha, ukilivuta mfuniko unanyanyuka, huhitaji bisibisi. Tuliiweka mezani juu ya kanga, binti yangu akanimulikia kwa tochi ya simu. Vumbi lilikuwa limeshikana kama sufi kwenye feni na katikati ya mapezi ya chuma cha kupoozea prosesa. Tulilitoa kwa brashi ya rangi mpya na kavu, huku feni nimeishikilia kwa kidole isizunguke. Chini ya kile chuma, ile dawa ya kupitisha joto ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukuta. Nilifuta kwa pamba na spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele, nikafunga. Feni iliyokuwa inanguruma ikatulia.

RAM niliongeza kipande kingine cha GB 4 kwa 20,000. Nenda dukani na kipande chako cha zamani mkononi. Mashine hii inatumia DDR3 ya kompyuta ya mezani; DDR4 haiingii kwa sababu pengo lake limekaa mahali pengine, na ya laptop ni fupi. Mimi nilikaribia kuuziwa ya laptop. Kukipachika kunahitaji nguvu kidogo: ukandamize pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio. Mara ya kwanza upande mmoja haukukaa, taa ikawaka rangi ya chungwa na skrini ikabaki nyeusi. Nilikichomoa nikakipachika upya, picha ikatokea.

Monita ilinipa safari ya pili. Nilishanunua waya wa HDMI, kumbe kasha hili halina tundu la HDMI kabisa. Lina VGA moja na DisplayPort mbili. Nikapata monita ya mtumba ya inchi 19 yenye VGA kwa 70,000, na inatutosha. Wi-Fi pia haimo ndani. Mpaka leo tunachomeka simu kwa waya wa USB na kuruhusu simu igawe intaneti, na mashine inaipokea bila kuomba programu yoyote.

Kilichonisumbua kuliko vyote, tena kwa siku tatu, ni kitu cha shilingi 2,000. Intaneti ipo, simu inaonyesha iko sawa, lakini kila tovuti inakataa kufunguka ikidai muunganisho si salama. Nilidhani ni kirusi. Binti yangu ndiye aliyetazama pembeni ya skrini akasema, "Mama, hii kompyuta iko mwaka 2012." Kwenye mazabodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa umeme usipokuwepo. Ikifa, kila ukichomoa waya tarehe inarudi nyuma, na tovuti zinazolindwa kwa vyeti vya usalama zinagoma kwa sababu kwa saa ya kompyuta hivyo vyeti bado havijaanza kutumika. Tuliibadilisha, tukabonyeza F2 wakati mashine inawaka, tukaweka tarehe. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Kuhusu mfumo wa kuendeshea kompyuta: nilipewa Windows 10 ambayo haikuwa na leseni. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za zamani hivi. Inataka Intel za kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwa hiyo SSD mpya niliiwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Ni ya bure, na toleo la 22 litapata masasisho mpaka 2029. Niliiandika kwenye flashi, nikabonyeza F12 kuchagua flashi, nikafuata maelekezo. Humo programu ya ofisi ya LibreOffice inafungua faili zangu za Word na Excel, ila mpangilio wa majedwali mara nyingine husogea, kwa hiyo mtihani naupeleka duka la stationery ukiwa PDF. Hilo nalisema wazi kwa sababu kuna mwalimu atakayeliona siku ya mwisho ya kuwasilisha.

Michezo mikubwa isahau. Video za YouTube kwa ubora wa 1080 zinacheza lakini feni inasikika. Kwa 720 iko kimya. Nafasi ya kuongeza kadi ya picha ni ndogo, inataka kadi fupi tu. Pawa saplai yake (kifaa cha ndani kinachoigawia umeme) ina umbo lake peke yake, kwa hiyo ikiungua utatafuta ya aina hiyohiyo. Ndiyo maana nilitoa 120,000 kwa UPS ndogo, ambayo jamaa wengi waliniambia ni anasa. Mtaani kwetu umeme ukikatika unarudi kwa kishindo. UPS inanipa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kibodi na mausi 18,000, dawa ya prosesa 5,000, na hapo 490,000 yangu imetimia.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu aliniomba nimsindikize kununua kama yangu. Tulibeba flashi yenye Mint, kipande cha RAM, na waya wa VGA. Dukani tuliomba iwashwe kwa flashi yetu, tukapima diski palepale, tukahesabu RAM kwenye skrini badala ya kusoma stika. Halafu nikaomba waya wa umeme uchomolewe, tukasubiri kidogo, ukarudishwa. Tarehe ilikuwa ya siku ileile. Akalipa, na safari hii risiti aliipata.